Bitana ya koti la mama

Mama yangu anauza viazi Uyole, Mbeya. Saa kumi na moja alfajiri yuko barabarani anasubiri mzigo, na anayeijua Uyole mwezi wa Juni na Julai anaijua baridi yake. Mwaka jana nilimshonea koti la kitenge, lenye kola, refu mpaka kwenye nyonga. Halikuwa na bitana, kile kitambaa laini cha ndani. Alilivaa siku tatu akalitundika.

Nilipomuuliza akasema, "Mwanangu, koti ni zuri, ila linagombana na sweta."

Nikalivaa mwenyewe juu ya sweta, nikamwelewa. Kitenge ni pamba, sweta ni la sufu, vikikutana vinang'ang'aniana. Ukiingiza mkono, mkono wa sweta unasukumwa mpaka kwenye kiwiko, ukabaki umejikunja humo kama kata ya kubebea maji. Tangu siku hiyo mtu akiniambia bitana ni urembo namkatalia palepale. Bitana ni utelezi. Koti linaloingia juu ya sweta bila kuvutana ndilo litakalovaliwa.

Fundi mmoja jirani yetu alinielekeza kwa maneno machache: laza koti juu ya bitana, kata sawasawa, shona, geuza. Nikafuata hivyohivyo. Bitana ikalala bapa, haina hata kunjo, nami nikafurahi sana. Wiki ya pili mama akainama kunyanyua debe la viazi, akasikia mgongo wa koti unachanika. Jioni nililigeuza koti nikalitazama kwenye mwanga. Uzi wa cherehani ulikuwa mzima, haujakatika hata mshono mmoja. Satini ya bitana yenyewe ndiyo iliyofumuka pembeni mwa mshono, nyuzi zimechomoka zimebaki zinaning'inia, kuanzia kwapa la kulia kuelekea katikati ya mgongo. Na chini pindo lilikuwa limevutwa kwa ndani, koti limepinda kama lililokaushwa vibaya.

Nililia kidogo, nisifiche. Halafu nikakaa na lile koti siku mbili nikiliwaza. Mtu akipeleka mikono mbele, mgongo unapanuka. Kitenge kiko nje, kimelegea. Satini iko ndani, haivutiki, na ndiyo inayobanwa kwanza. Kwa hiyo bitana haitakiwi kuwa sawasawa na koti. Inatakiwa ilizidi koti kwa ukubwa. Nimeliuliza jambo hili kwa watu wengi, na bado nakutana na wanaofundisha wasichana wetu kukata sawasawa. Inaniudhi, kwa sababu anayepoteza kitambaa ni yule anayejifunza, tena mara nyingi hana hela ya kingine.

Nikafumua yote. Bitana mpya niliinunua sokoni Mwanjelwa, mita mbili na kitu, kama elfu kumi hivi pamoja na uzi. Mgongoni nikaongeza sentimita 5, nikazikunja katikati kuwa rinda moja, nikalishikiza juu karibu na kola na chini karibu na pindo tu. Katikati nikaliacha huru lifunguke. Chini ya kwapa nikaipandisha bitana sentimita moja na nusu, maana pale mshono wa koti umesimama ndani na bitana lazima iupite kwa juu. Usipoipa hiyo nafasi, koti linakukaba kila unapoinua mkono. Urefu nikaumalizia pale pindo la koti linapokunjiwa, nikaongeza sentimita moja. Ukishaiunga na ukingo wa pindo kwa ndani, bitana inajilaza yenyewe na kufanya kunjo dogo, na hilo kunjo ndilo linalozuia pindo lisivutwe.

Satini inakimbia mkasi, kila aliyewahi kuikata anajua. Mimi niliilaza juu ya magazeti ya zamani, nikaibana kwa pini nyingi, nikakata kitambaa na gazeti kwa pamoja. Haikusogea. (Mkasi unapoteza makali kidogo, kwa hiyo tumia ule wa kazi za kawaida kama unao.) Sindano nilitumia nyembamba, namba 11. Ile namba 14 ya kitenge inaiachia satini matundu.

Mwili wa koti haukunisumbua. Kazi ilikuwa mikono. Mara ya kwanza niliichomeka bitana ya mkono ndani ya mkono wa koti, nikashona midomo yake, nikageuza. Kumbe bitana ilikuwa imezunguka mzunguko mzima kabla sijashona. Mama akaingiza mkono ukakwama nusu njia, kitambaa kimejisokota kama nguo inayokamuliwa. Nikafumua, nikarudia, ikajisokota upande wa pili.

Siku ya tatu ndipo nikapata njia. Kwenye mshono wa bitana ya mkono wa kushoto nilikuwa nimeacha tundu la kama shibiri moja. Nikaligeuza koti likae kama linavyovaliwa, bitana ndani, kila kitu mahali pake. Nikakunja pindo la mkono, nikakutanisha mshono wa bitana na mshono wa mkono wa koti, nikapiga pini moja hapo. Moja tu. Kisha nikapitisha mkono kwenye lile tundu, nikaingia katikati ya koti na bitana, nikapapasa mpaka nikaishika ile pini kwa nje ya kitambaa, nikavuta. Mikono miwili, wa koti na wa bitana, ikatoka imetazamana, mdomo kwa mdomo, kama mbuzi wawili wanaonusana. Hapo haiwezi kujisokota tena, kwa sababu pini imeshika vile vitakavyokaa mtu akivaa. Nikaishona kwa mzunguko, uso kwa uso, nikairudisha ndani. Mkono wa pili nikaufanya vilevile kupitia tundu lilelile, kisha tundu nikaliziba kwa mkono.

Pasi nilipiga ya moto mdogo juu ya kitambaa chembamba cha pamba, maana satini hii ya plastiki inayeyuka ukizubaa. Na kitenge nilikuwa nimekiloweka usiku kucha kabla ya kukikata. Bitana hairudi ikifuliwa, lakini kitenge kinarudi.

Mama alilivaa Ijumaa alfajiri juu ya sweta zito la kijani. Mikono ikapita bila kusimama. Akainama, akanyanyua debe, nami nimesimama nyuma yake natazama mgongo. Akasimama, akalifungua koti mbele ya mama anayeuza nyanya pembeni yake, akamwonyesha bitana ya rangi ya zambarau. "Mwanangu huyu kashona," akasema, mara mbili.

Jumatatu yule mama wa nyanya alikuja nyumbani na pande lake la kitenge. Nimemwambia akaliloweke kwanza.