Dosiye ya koko inasimama fasi moja

Jumapili, saa nne ya usiku. Umeme umerudi, naandika hii mbio mbele uende tena. Ni wiki nzima niko na hii mambo ya mashini (kompyuta yangu) na mafoto, na Shangazi ameniambia niandike vile tulifanya juu kuko familia zingine ziko na mafoto mu disiki na haziangaliake kama disiki iko mzima.

Niseme kwanza hayo mafoto ni ya nini. Nyumba yetu ilikuwa upande wa Birere, hapa Goma. Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa moto Nyiragongo ikapasuka, moto ikashuka katikati ya mji mpaka ziwani, nyumba ikabaki chini ya mawe na kabati ndani yake, na mu kabati albamu tatu za baba. Nilikuwa na miaka tisa, tulikuwa tumekimbilia Gisenyi na godoro moja na radio. Tuliporudi, mama hakulilia kabati, alilia albamu. Kwa hiyo mafoto yote ya zamani yenye tuko nayo leo ni ile baba alikuwa ametumia watu: Shangazi kule Bukavu, baba mdogo Kisangani, mama mdogo Kampala. Kuanzia 2014 tukayakusanya moja moja, zingine zilikuja mu bahasha ya mtu anapanda bwato, na mtoto wa baba mdogo akayapitisha yote ku skana, akaweka mu disiki moja ya nje, na kila mtu akarudishiwa karatasi zake.

Disiki moja. Hapo njo kosa letu lilikuwa, lakini bado sikuwa nimeliona.

Shangazi alifika Jumatatu. Mwezi ujao tunafanya misa ya mwaka ya koko, nyanya yetu, na alitaka foto moja, ile koko amesimama mbele ya nyumba na beseni ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, tuikuze tuiweke mbele ya altare. Nikafungua dosiye. Skrini ikabaki nyeupe. Kule juu fasi jina ya dosiye inaandikwa, mustari wa kijani ukaanza kutembea, ukafika nusu, ukakaa pale. Kaduara ka bluu kanazunguka. Shangazi alikuwa ku kiti ya plastiki karibu yangu, amevaa miwani, ameinama mbele kama mtu anangojea mgeni atoke mu gari. Foto moja ikatokea, ya pili, halafu vile vikaratasi vyeupe vyenye havina kitu. Kisha dakika kumi na tano tulikuwa na mistari mbili tu ya mafoto.

"Mwanangu," akaniuliza, sauti ya chini, "hayajapotea?"

Nikamwambia hapana Shangazi, ni mashini tu iko nzito. Lakini ile ulizo ililala na mimi.

Jumanne nikapeleka mashini na disiki kwa fundi mu Birere, kijana mwenye namuamini, na mbele hata aiwashe akasema "mukubwa, hii ni virusi". Kwetu kila mashini nzito ni virusi. Tukapitisha antivirusi masaa mawili, hakuna kitu. Akasema basi ni memwari, gigabaiti 4 ni kidogo, tuongeze. Nikamuuliza, mdogo wangu, kama memwari ni kidogo mbona film inafunguka, barua zinafunguka, intaneti inaenda vizuri, ni dosiye ya mafoto peke yake njo inakwama? Akanyamaza. Na mimi sikuwa na jibu, nikalipa masaa yake nikarudi nyumbani.

Usiku nikakaa na karatasi na kalamu. Vile nimeelewa ni hivi: ukifungua dosiye ya mafoto, Windows haikuonyeshi foto zenyewe, inatengeneza kafoto kadogo ka kila moja, na ili ikatengeneze lazima isome faili. Ikimaliza inakaweka mu akiba yake ndani ya mashini, mu mafaili yanaitwa thumbcache, ili siku ingine isianze tena ku mwanzo. Foto ya simu haisumbui sana, ni megabaiti chache, na mara nyingi kamera yenyewe imeshaweka ndani kafoto kadogo tayari. Lakini za kwetu mtoto wa baba mdogo alizihifadhi kwa TIFF, aina ya faili nzito, doti 600 kwa inchi moja. Piga hesabu: karatasi ya sentimeta 10 kwa 15, doti 600, inatoa pikseli 2362 kwa 3543, kila pikseli baiti 3, inakuwa megabaiti 25 kwa foto moja. Na mu ile dosiye muko foto 1,140. Ni gigabaiti 28 na nusu zenye mashini inapashwa kumeza juu tu ya kutuonyesha tufoto tudogo.

Halafu nikaangalia kable. Nilikuwa nimeichomeka mu porti nyeusi, USB 2.0, yenye kwa kweli inapitisha kama megabaiti 30 kwa segonde. Foto moja, karibu segonde moja. Zote, dakika kumi na sita kama hakuna kitu ingine inasumbua. Nikabaki naangalia ile karatasi. Siku zote nilikuwa natukana ile mashini na yenyewe inabeba mzigo wenye nilimupa mimi.

Lakini kwa nini kila siku? Kama iko na akiba, mara ya pili ingekuwa mbio. Hapo nikakumbuka programu ya kusafisha yenye rafiki aliniwekea mwaka jana, inafagia "uchafu" kila mara mashini inawaka. Mu ile uchafu muko na akiba ya tufoto! Kila asubuhi inafagiwa, kila jioni mashini inaanza tena foto ya kwanza. Nikaitoa ile programu palepale.

Kitu ya tatu ni ndogo lakini inasaidia. Mashini yangu inasema kifaransa, ukibonyeza dosiye na kidole cha kulia unaenda ku "Propriétés", kisha "Personnaliser", unakuta "Optimiser ce dossier pour". Yangu ilikuwa ku "Images", nikaweka "Éléments généraux". Na nilikuwa nimepanga mafoto kwa tarehe ya kupigwa, maana yake lazima ifungue kila faili iulize tarehe mbele ya kukupangia. Nikapanga kwa jina. Nikahamisha kable mu porti ya bluu, yenye inaenda mbio kuliko ile nyeusi. Ni hayo tu, sikulipa hata franga.

Jumatano usiku nikamuita Shangazi. Tufoto tukaanza kuja mistari kwa mistari, harusi, ubatizo, baba na pikipiki yake ya kwanza, Shangazi anataja majina ya watu mbele hata foto imalize kutokea, tulikuwa tunacheka, kweli nilifurahi. Mpaka foto ya 611. Pale ikasimama.

Nikafunga, nikafungua tena, ikasimama palepale. Nikaenda chini kabisa ku foto ya mwisho nikaanza kupanda, 1,140, 1,000, 800, 700, zote zinakuja, nikafika 615, ikasimama. Nikaweka sikio juu ya disiki. Tik. Kimya. Tik, tik. Kimya.

Hii njo nataka mtu ashike. Kama mafoto ni nzito kila fasi, mashini iko na kazi mingi, punguza kazi. Kama inasimama fasi moja, ile ile, kila mara, pale pameumia, na ni ugonjwa ingine kabisa. Mimi miezi yote nilikuwa navichanganya, nilikuwa nasema tu "iko pole pole".

Kuko programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, disiki zenyewe zinaandikaka ndani yazo vile zinajisikia na hiyo programu inakusomea. Yangu ikatokea na rangi ya njano. Mustari wa C5, ile ya sekta (vipande vidogo vya disiki) zenye disiki imeshindwa kusoma na inangoja kujaribu tena, haikuwa sifuri. Inapashwa kuwa sifuri.

Naona iliumia 2021. Tarehe 22 Mei, usiku, mlima ulipasuka tena, na siku tano kisha, tarehe 27, wakatangaza watu wa makartie kumi watoke, ardhi ilikuwa inatetemeka kila wakati, tukachukua njia ya Sake kwa miguu katikati ya ule umati. Disiki ilikuwa mu saki ya shule ya mtoto. Ilianguka ku mawe mara moja, nilisikia, nikaiokota nikaendelea kutembea, nani angesimama kuangalia disiki siku ile. Ndani ya disiki ya aina hii kuko sahani zinazunguka mara 5,400 kwa dakika na kasindano kanapita juu yake karibu sana bila kugusa. Sahani ikikwaruzwa, kile kilikuwa kimeandikwa pale hakirudi.

Nikapigia fundi. Akasema fanya chkdsk na /r, itarekebisha yote. Nikamwambia hapana mdogo wangu, si sasa. Ile komandi inatembea disiki nzima, inasoma kila fasi, masaa na masaa, na disiki yenye inasema tik tik huiambii ikimbie mbio za marefu wakati watoto wako bado mu mgongo wake. Kopi kwanza. Akafikiri kidogo, akasema "uko na haki, mukubwa". Ni kijana mzuri, anasikiliza.

Alhamisi nikanunua disiki mbili za SSD, zenye hazina kitu inazunguka ndani, dola 60 kila moja, moja nililipa mimi na ingine Shangazi alitoa pesa ya safari yake. Na sikufanya kopi ya kukokota na suri (ile panya ya mashini), juu Windows ikifika ku faili mgonjwa inakwama na wewe unakwama nayo. Nilitumia robocopy, iko tayari ndani ya Windows, unaandika tu komandi. Lakini chunga: ukiiacha vile iko, ikishindwa faili moja itajaribu tena mara milioni moja, na kila mara inangoja segonde 30. Nilipiga hesabu, ni karibu siku 347, disiki mgonjwa inakwaruzwa mwaka mzima fasi moja! Unaongeza /R:1 /W:1, inajaribu tena mara moja tu, inangoja segonde moja, inapita, na mu ripoti inakuandikia ile imeshindwa. Na mbele ya kuanza nikazima tufoto kabisa, mu opsio za dosiye unaweka alama ku "Toujours afficher des icônes, jamais des miniatures", ili mashini isianze kuchora tufoto wakati disiki iko na kazi ya kufa na kupona.

Saa nane ya usiku umeme ukakatika. Batri ya mashini inakaa saa moja tu na disiki inakunywa kwa batri hiyo hiyo. Nikasimamisha kila kitu mwenyewe, pole pole, nikatoa disiki vizuri, nikangojea. Ijumaa saa tano ya asubuhi ukarudi, nikatoa tena ile komandi, ikaruka zenye zilishapita ikaendelea. Shangazi alikuwa anapita nyuma yangu kila saa na kikombe ya chai anauliza "imefika ngapi?", namwambia 740, anaenda, anarudi.

1,136 zilipita. Nne zilishindwa: 611, 612, 613, 615. 614 ilipita, sijui Mungu aliiweka namna gani katikati ya zile.

Foto ya koko ilikuwa 902, iko mzima. Jumamosi tuliifungua ku disiki mpya, ikaja palepale, nikaanza kuikuza. Nilikuwa nimeanza kufikiri mtoto wa baba mdogo alikosea kutumia doti 600, alitujazia disiki bure. Hapana. Ku karatasi, beseni ni kitu nyeupe tu mu mikono ya koko. Tulipoikuza, ku ukingo wa beseni tukaona herufi mbili nyekundu, zimepinda kidogo, ya pili imechuruzika. Shangazi akaweka kidole ku skrini.

"Ni mimi niliziandika," akasema. "Na rangi ya kucha. Ili wasichanganye beseni yake sokoni."

Alikaa pale muda mrefu. Sikufunga ile foto, niliiacha mpaka batri ikaanza kulia.

Basi TIFF zote zinabaki vile ziko, hakuna mtu atazigusa. Kwa kuangalia tu nimetengeneza kopi nyepesi za JPEG na programu inaitwa IrfanView, mu dosiye ingine, nimezigawa kwa mwaka, ile inafunguka mbio hata ku mashini ya mtoto. Disiki ya zamani sikuitupa, nimeiandika "MGONJWA" na nimeiweka juu ya kabati.

Nne zenye zilipotea, Shangazi anasema namba za 600 na kitu zilikuwa zake, karatasi ziko kwake Bukavu, mbili anazikumbuka mpaka na nguo watu walivaa, zingine mbili lazima atafute. Ameniomba nimuandikie zile namba kubwa kubwa ku karatasi. Anapanda bwato kesho asubuhi, disiki ya pili iko mu saki yake katikati ya nguo. Karatasi ya namba hakuiweka mu saki. Ameikunja mara nne, ameifunga ku ncha ya kitenge, fasi anafungaka pesa.