Kuuza nyumba: maliza matatizo ya maji kwanza, ndipo umwite dalali

Mtu anayekuja kuangalia nyumba ya kununua haji kwa jicho la mgeni. Anatafuta kasoro, na ni haki yake, maana fedha anazotaka kutoa huenda ni nyingi kuliko zote atakazowahi kuzishika. Akiona koki ya jikoni inadondoka, hahesabu bei ya mpira wa koki. Anawaza: kama hiki kinachoonekana kimeachwa hivi, yaliyomo ndani ya ukuta yakoje? Punguzo atakaloomba litalingana na hofu yake, wala si na gharama ya koki. Kwa hiyo anza na yale ambayo rangi haiwezi kuyafunika, na ya kwanza kabisa ni maji.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kupaka rangi mpya juu ya doa la unyevu. Ndani ya wiki chache rangi huvimba, hufanya malengelenge na kubanduka, mara nyingi wakati uleule wanunuzi wanapoanza kuja. Na mnunuzi akigundua kwamba ukuta mmoja tu ndio umepakwa upya, atauliza kwa nini huo tu.

Tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Kata kipande cha nailoni angavu, sm 50 kwa sm 50, ukibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne bila kuacha upenyo. Kiache saa 24 hadi 48. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, maji yako ndani ya ukuta. Ukikuta matone upande wa chumbani, hewa ya chumba ndiyo yenye mvuke mwingi: watu wanaoga, wanapika na kuanika nguo ndani bila kufungua madirisha. Hilo la pili hutibiwa kwa kupitisha hewa, na kubomoa plasta hakutasaidia kitu.

Unyevu unaoanzia sakafuni na kuishia chini ya mita moja mara nyingi hupanda kutoka ardhini. Toka nje ukaangalie. Kama udongo wa bustani umerundikana hadi juu ya usawa wa sakafu ya ndani, uchimbe ushuke angalau sm 15 chini ya usawa huo. Unyevu wa juu karibu na dari unadai ukague paa na mifereji yake. Majani yakiziba mfereji, maji hufurika na kurudi ukutani. Ule unga mweupe juu ya plasta ni chumvi. Uondoe kwa brashi kavu, kwa sababu ukiuosha unauyeyusha na ukuta unaunywa tena. Ukipiga plasta mpya ya saruji, ipe kama wiki nne ikauke kabla ya rangi. Ratiba ya kuuza ipangwe kwa kuhesabu wiki hizo.

Kwenye mabomba kuna vipimo viwili visivyo na gharama. Funga koki zote, andika namba za mita ya maji, kaa saa mbili bila mtu yeyote kutumia maji, kisha soma tena. Namba zikisogea, kuna uvujaji. Halafu tia matone matano ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo na usubiri nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira unaoziba chini ya tangi umechoka. Ni kifaa cha bei ndogo, na fundi hubadilisha kwa dakika chache.

Harufu nayo inafukuza watu. Bafu lisilotumika hutoa harufu ya mtaro kwa sababu yale maji yanayokaa kwenye kona ya bomba chini ya sinki na chini ya tundu la sakafu yamekauka, na yalikuwa ndiyo kizuizi cha hewa chafu. Mimina lita moja katika kila tundu mara moja kwa wiki. Usifunike harufu kwa manukato makali. Mnunuzi akiyasikia mlangoni anaanza kunusa kila chumba.

Silikoni yenye ukungu kando ya sinki na beseni la kuogea iondoe yote, kwa sababu silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani. Kwangua, futa kwa spiriti, acha pakauke kabisa, kisha weka mstari mmoja mwembamba bila kukatiza na uulainishe kabla haujafanya ngozi. Pasiguswe na maji kwa saa 24.

Sasa rangi. Lita moja hufunika kati ya mita za mraba 10 na 12 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kuta za kimo cha mita 2.7 kina eneo la mita za mraba 43. Toa mlango na madirisha, zinabaki kama 38. Mikono miwili ni 76, basi nunua lita 8. Kama rangi ya zamani ni ya mafuta na inang'aa, ipige kwanza msasa namba 120 ivunjike mng'ao na upake rangi ya msingi, la sivyo mpya itatoka kama ganda la yai. Chagua rangi hafifu isiyo na ubishi. Jiko lote jipya silishauri: mnunuzi ana ladha yake, na gharama ile ni nadra kurudi yote.

Punguza samani. Njia ya kupita kila chumbani iwe na upana wa sm 90 hivi, na kabati zibaki na nafasi, maana watu huzifungua. Vito, dawa na karatasi za benki zifungie mahali pengine kabla ya mgeni wa kwanza.

Nyaraka zianze kutafutwa siku ileile unayoanza matengenezo. Hati ya umiliki, jina lililomo lifanane na kitambulisho chako herufi kwa herufi, risiti za kodi ya jengo, barua ya benki inayoonyesha deni lililobaki kama nyumba imewekwa rehani, na kibali cha ujenzi cha kila chumba kilichoongezwa. Kama kuna mwenza au warithi ambao sheria inadai ridhaa yao, ipatikane kwa maandishi mapema. Mauzo mengi hukwama hapa wakati mnunuzi tayari ana fedha mkononi, na kila wiki inayopita inampa nafasi ya kubadili nia. Kasoro unayoijua nayo iandike umweleze. Katika nchi nyingi kuificha kunaweza kukufikisha mahakamani hata baada ya kukabidhi funguo.

Dalali mwite matatizo ya maji yakishaisha. Waite watatu, kila mmoja kwa siku yake, na umwombe kila mmoja akupe bei kwa maandishi pamoja na ushahidi wake. Ushahidi maana yake ni nyumba zinazofanana na yako kwa ukubwa na eneo, zilizokwisha kuuzwa ndani ya miezi sita, na bei iliyolipwa. Bei za kwenye matangazo hazitoshi. Yale ni maombi ya wauzaji wenzako.

Mwogope anayetaja bei kubwa kuliko wenzake bila ushahidi. Mtego wenyewe unajulikana: anakupa namba tamu ili utie sahihi, nyumba inakaa bila mteja, halafu kila wiki mbili anakuomba ushushe. Tangazo hupata macho mengi zaidi wiki zake za mwanzo. Likichakaa, wanunuzi huuliza nyumba hii ina nini, na mwishowe unaweza kuuza chini ya bei ambayo ungeipata kwa kuanza sawasawa.

Kuna hesabu nyingine ambayo kila muuzaji aifanye. Chukua nyumba ya thamani ya 100 na kamisheni ya asilimia 3. Ikiuzwa kwa 100, dalali anapata 3 na wewe 97. Ikiuzwa kwa 95, yeye anapata 2.85 na wewe 92.15. Umepoteza 4.85, yeye 0.15 tu. Dalali mwaminifu atakupigania hata hivyo, lakini ujue kwamba haraka ya kumaliza inamfaa yeye kuliko wewe. Kwa hiyo muulize: kati ya nyumba zako kumi za mwisho, ngapi ziliuzwa, kwa siku ngapi, na tofauti gani kati ya bei ya tangazo na bei iliyolipwa? Anayefanya kazi vizuri ana majibu hayo.

Angalia pia picha za nyumba alizotangaza awali. Kamera iwe kwenye kimo cha mita 1.2 hadi 1.4, mistari ya kuta isimame wima, mapazia yawe wazi, kifuniko cha choo kimefungwa. Picha inayopanua chumba kupita kiasi humleta mtu aliyekwisha kudanganywa, na uso wake unabadilika pale mlangoni.

Mkataba usome kipengele kwa kipengele. Muda wake uwe na mwisho. Siku 90 zinatosha kumpima mtu. Kamisheni ilipwe mauzo yakikamilika, isilipwe ofa ikipokelewa tu. Iandikwe nani analipia picha na matangazo. Iandikwe pia itakuwaje dalali huyohuyo akimleta mnunuzi ambaye naye anamwakilisha, kwa sababu hawezi kuwapigania bei wote wawili. Na tafuta kipengele kinachomlinda dalali baada ya mkataba kuisha: kwamba mtu aliyemleta akinunua baadaye, bado unamlipa. Ni haki yake, ila kiwekewe muda, na akukabidhi orodha ya majina ya watu hao siku ya mwisho ya mkataba. Bila orodha, dalali wa pili akiuza, wote wawili wanaweza kukudai kamisheni ya nyumba moja.