Msiyasingizie matango: nilivyookoa mbegu za carosello

Mtu akikushauri ung'oe matango ili mbegu zako za carosello, tunda la huku linaloliwa kama tango, zisichafuke kwa chavua yake, mwambie akasome kwanza. Mimi nilishauriwa hivyo na muuza pembejeo mmoja huku Puglia, kusini mwa Italia, jirani na Polignano a Mare. Nikang'oa mstari mzima wa matango yaliyokwisha kuanza kuzaa. Msimu uliofuata nikapanda mbegu nilizotunza, yakatoka mauzauza: moja lina nyavunyavu kwenye ganda, jingine limepoa mdomoni kama maji ya juzi. Mama mkwe, aliyenipa mbegu hizo na ambaye ni mzaliwa wa hapa, alimega kipande akakitema. "Mwanangu, hii si ya kwetu."

Carosello huchumwa changa, ikafikichwa manyoya kwa kitambaa, ikaliwa mbichi. Ndiyo maana watu huidhania tango. Kumbe ni tikiti, Cucumis melo, lenye kromosomu 24. Tango lina 14. Hawa hawazaani hata uwalaze kitanda kimoja! Mwizi wangu alikuwa tikiti tamu la jirani, ambalo nalo ni Cucumis melo kama carosello, na nyuki abebaye chavua hajui mpaka wa shamba. Ubaya wenyewe, tunda la mwaka huo halikuonyeshi kitu. Uchafu umo ndani ya mbegu, unaumbuka mwakani.

Dawa ni kumzuia nyuki asiingie kwenye maua. Vifuko vya kuyafunikia vina bei ya kuudhi, nikachukua vibanio vya nywele vya binti yangu. Jioni natafuta machipukizi yaliyoanza kuonyesha unjano kwenye ncha, yale ya kufunguka kesho. Ua la kuzaa lina kijitunda cha manyoya chini yake. Nalibana, na madume nayabana vilevile. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, nachuma dume, nalivua petali zote, nafungua ua la kuzaa na kupaka chavua yake katikati, nalibana tena na kufunga uzi mwekundu kwenye kikonyo. Dume nalitoa mche mwingine wa aina ileile, na kila mara nabadilisha miche. Ukitegemea mche mmoja tu, utapoteza utajiri wote uliomo kwenye mbegu za ukoo.

Mwanzoni maua yalidondoka karibu yote. Dawa yake tamu: chuma vitunda vingine vyote vya mche huo, ule. Mche usio na watoto wengine hulishika lile moja.

Bari, mji mkuu wa Puglia, kuna benki ya mbegu tangu 1970, lakini carosello nyingi bado zimo kwenye mitungi ya jikoni, kila ukoo na yake. Sasa wazee wa huku wananiomba mimi mbegu, mimi wa kuja! Nawapa, ila barattiere, ndugu ya carosello wa mviringo, wasiniombe mwaka huu. Nayo ni tikiti, na vibanio havitoshi.