Nanosekunde 60 Kibandani kwa Fundi

Mwezi wa Septemba mwaka 2011 nilikuwa nikikaa kwa mjomba wangu Ngamiani, Tanga, nikisubiri kuanza chuo kikuu, na kila siku baada ya swala ya alasiri nilikwenda kuketi kwenye kibanda cha fundi redio aliyekuwa mtaa wa pili kutoka kwetu. Kibanda hicho hakikutosha watu zaidi ya watano, na wawili kati yao walilazimika kukalia televisheni zilizokwisha kufa. Lakini kahawa ilikuwapo, na alikuwapo mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye hakupenda jambo lolote lipite bila kukokotolewa.

Tarehe 23 ya mwezi huo wanasayansi wa jaribio la OPERA walitangaza kwamba chembe ziitwazo neutrino, zilizorushwa kutoka maabara ya CERN karibu na Geneva, zilifika kwenye mtambo ulio chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia, umbali wa kilomita zipatazo 730, zikiwa zimeutangulia mwanga kwa nanosekunde 60 (nanosekunde moja ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Habari hiyo niliipokea kama mtu aliyeangukiwa na urithi. Cheti changu cha kidato cha sita kilikuwa na alama nzuri ya fizikia, na sikuwa bado nimepata mahali pa kuitumia, kwa hiyo nilikwenda kibandani moja kwa moja kutangaza kwamba Einstein, ambaye nadharia yake inasema hakuna kitu kinachoushinda mwanga kwa kasi, ameanguka.

Fundi hakushughulika na Einstein. Alitaka kujua shimo la kilomita 730 lilichimbwa kwa muda gani. Nilimweleza kwamba hakuna shimo: neutrino haina chaji, kwa hiyo nguvu ya sumakuumeme haiigusi, nguvu kali inayofungamanisha kiini cha atomi nayo haiihusu, imebaki nguvu dhaifu, ile inayofanya baadhi ya atomi zioze na kugeuka kuwa atomi nyingine, pamoja na uvutano, ambao kwa chembe nyepesi kiasi hicho ni kama haupo. Ndiyo maana hupenya mwamba kana kwamba hakuna kitu. (Baadaye nilikuja kusoma kwamba wizara ya elimu ya Italia yenyewe ilitoa taarifa ikijivunia mchango wa nchi hiyo katika kujenga shimo hilo, nikaona kuwa fundi wetu alikuwa katika kundi la wakubwa.)

"Sasa kama mwamba wote huo haukuikamata," akauliza, "wao waliikamataje?"

Hadi leo naliona swali hilo kuwa bora kuliko yote yaliyoulizwa jioni ile, yangu yakiwemo. Jibu ni kwamba karibu zote hazikamatwi. Hurushwa kwa wingi usiohesabika, kisha mtambo wenye matofali 150,000 hivi ya madini ya risasi na filamu za picha hukaa ukingojea ile moja moja itakayogonga kitu. Kwa miaka mitatu walikusanya matukio zaidi ya 15,000, na kwa hayo ndipo walipofanya hesabu yao ya muda.

Mwalimu alikuwa kimya muda wote huo. Kisha aliomba kitabu cha risiti cha fundi, akakigeuza nyuma, akaandika. Mwanga huhitaji sekunde 0.0024 kumaliza kilomita 730. Ukigawanya muda huo kwa nanosekunde 60 unapata 40,000, maana yake kila safari ya miaka 40,000 neutrino ingeutangulia mwanga kwa mwaka mmoja. Halafu akatukumbusha mwezi Februari mwaka 1987, ilipoonekana nyota iliyolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu, umbali ambao mwanga huumaliza kwa zaidi ya miaka 160,000. Neutrino zake zilinaswa Japani, Marekani na katika Umoja wa Kisovieti saa tatu hivi kabla ya mwanga wake, na tofauti hiyo ndogo ilieleweka, kwa sababu neutrino hutoka kwenye kiini cha nyota papo hapo ilhali mwanga hauna budi kungoja mlipuko ufike juu.

"Kwa hesabu yako wewe, mwanangu," akasema, "zilipaswa kufika miaka minne mapema. Mwaka 1983. Mbona zilingoja?"

Sikuwa na jibu, na kwa kuwa nilikuwa na umri wa miaka 20 nililitoa hata hivyo. Nilisema huenda neutrino za nyota si sawa na hizi za CERN. Nilisema hivyo ili nisinyamaze mbele ya watu, wala sikuwa na ushahidi wowote. Mwalimu alinitazama kidogo, akasema inawezekana, akairudisha kalamu. Jambo linalonichekesha sasa ni kwamba ule ulikuwa utetezi halali kabisa: neutrino za CERN zilikuwa na nishati kubwa kuliko zile za nyota kwa karibu mara elfu moja, na wataalamu waliotaka kuyanusuru matokeo ya OPERA waliegemea hapo hapo. Laiti ningejua, mjadala ule ningeumaliza nikiwa mshindi, kwa hoja nzuri ya kutetea jambo lisilo la kweli.

Mwezi Februari mwaka 2012 ilitangazwa kwamba waya mmoja wa mkongo, yaani waya wa kioo unaopitisha mwanga badala ya umeme, ulioleta majira ya saa kutoka kwenye kipokezi cha setilaiti hadi kwenye saa kuu ya mtambo, haukuwa umekazwa vizuri. Mwezi uliofuata jaribio jingine katika mlima huo huo, ICARUS, lilipima na kukuta neutrino zinakwenda kwa kasi ileile ya mwanga.

Niliporudi Tanga likizoni nilikwenda kumweleza fundi. Mwalimu hakuwapo siku hiyo, na nakiri kwamba nilishukuru. Fundi alikataa maelezo yangu. Waya uliolegea, alisema, ama unapitisha ama haupitishi, haujawahi kuchelewesha. Nilimweleza kwamba mwanga ulipita ila ukiwa hafifu, na saketi ya upande wa pili hungoja mpaka umeme unaozalishwa na mwanga huo ufikie kiwango fulani ndipo ihesabu kuwa majira yamefika. Kwa mwanga hafifu kiwango hicho hufikiwa kwa kuchelewa, saa ya mtambo ikawa nyuma, na kila neutrino ikaandikiwa kwamba imewahi.

Alifikiri kidogo. Kisha akavuta droo, akatoa kapasita moja kubwa, kifaa kinachojazwa chaji ya umeme, na rezista mbili, vifaa vinavyopunguza umeme unaopita, akaichaji kwa rezista ndogo huku nikitazama mita, mshale ukapanda mara moja. Akaimaliza chaji, akaweka rezista kubwa, na tukakaa sote wawili tukiutazama mshale ukipanda taratibu.

"Kumbe hii," akasema.