Papa watatu

Kwenye kundi letu la WhatsApp la familia, mtangazaji nilikuwa mimi. Habari ikinigusa tu, kidole kimeshabonyeza. Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipoifurisha Houston, nikaletewa picha iliyopigwa kutoka ndani ya gari: barabara imegeuka mto, na kando ya gari anaogelea papa. Nikaitupa kwenye makundi manne na maneno yangu juu: "Jamani, oneni haya!"

Binamu yangu akajibu kwa mstari mmoja: "Huyu papa hachoki? Mwaka 2011 alikuwa hapo hapo."

Nikanuna. Nikaanza kutafuta, si kwa kupenda ukweli, bali nimkomeshe. Nikaipakia picha kwenye TinEye, tovuti inayotafuta kwa picha badala ya maneno, nikaiambia ipange matokeo kuanzia la zamani kabisa. Papa wangu alishaogelea Puerto Rico wakati wa kimbunga Irene, Agosti 2011, kando ya gari lile lile. Na hata huko hakufika: alikatwa kutoka picha ya kweli ya papa mweupe anayefuata mtumbwi kule Afrika Kusini, iliyochapishwa 2005, akabandikwa juu ya maji ya barabara. Kikija kimbunga kipya, anahamishiwa mji mwingine.

Wakati ule WhatsApp ilikuwa bado haijatoa nafasi ya kufuta ujumbe kwa kila mtu; ikaja miezi michache baadaye. Basi nikaandika kuomba radhi makundi yote manne. Picha ilikuwa imezua mjadala wa jioni nzima. Radhi yangu iliambulia tiki mbili za bluu.

Kilichonisaidia baadaye ni kuacha kuikodolea macho habari yenyewe. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwahi kuwalinganisha wanahistoria, wanafunzi na wahakiki wa habari wakipima tovuti. Wasomi walibaki ukurasani wakisoma kwa makini, wakavutwa na nembo nzuri na lugha ya kitaalamu. Wahakiki walitoka haraka, wakafungua kurasa nyingine kuuliza: huyu ni nani, na wengine wanamsemaje? Nikaiga. Nikaanza pia kuviheshimu vile vishale viwili vya WhatsApp vinavyoonyesha kuwa ujumbe umepita mikono mingi kabla ya kunifikia. Havisemi kwamba ni uongo. Vinasema tu kwamba aliyenitumia si chanzo, hata akiwa mjomba.

Nikawa mjuaji, na huo ugonjwa nao una madhara yake. Septemba 2022, kimbunga Ian kikiwa Florida, ikasambaa video kutoka Fort Myers: uwanja wa nyumba umejaa maji, na kitu chenye pezi kinajirusharusha humo. Nilicheka. "Papa wetu karudi," nikaandika, nikamwambia shangazi aliyeituma ajifunze kukagua kwanza. Sikukagua mwenyewe. Shirika la habari la Associated Press lilichunguza taarifa zilizomo kwenye faili la video, likathibitisha kwamba ilirekodiwa kweli siku hiyo ya kimbunga. Wataalamu hawakuwa na kauli moja, lakini mmoja wao alisema anaonekana kuwa papa mchanga. Nilikuwa nimebonyeza kwa pupa ile ile ya 2017, ila safari hii nilikuwa nakanusha. Kumwomba shangazi radhi mbele ya watu wote kuliniuma kuliko mara ya kwanza.

Machi 2023 binamu akanitumia picha ya Papa Francis ndani ya koti jeupe lililotuna kama godoro. "Na papa huyu je?"

Nikaikuza. Vidole vilivyoshika kikombe vilikuwa vimeyeyukiana, na mkufu wa msalaba ulionekana upande mmoja tu wa kifua. Zamani ningemjibu hapo hapo. Nikatoka kwanza nje ya picha, nikatafuta, nikakuta aliyeitengeneza ameshakiri kwamba aliitoa kwenye Midjourney, programu ya akili bandia. Ndipo nikamwandikia: si ya kweli, na hiki hapa chanzo.

Zilikuwa zimepita dakika ishirini. Akajibu: "Siku hizi unachelewa."

Nikamwekea dole gumba.