Siku moja maishani mwangu: keki za oda, na kikeki cha binti yangu

Saa 11 alfajiri

Nikimaliza kuswali sirudi kitandani, naenda moja kwa moja kwa binti yangu na kile kimashine. Namtoboa ncha ya kidole, tone moja la damu kwenye stripu, leo ketoni, yaani zile kemikali mwili unazotengeneza ukichoma mafuta badala ya sukari, zimesoma 4.3, alhamdulillah, huko ndiko daktari wake anakotaka ziwe, 4 mpaka 5 hivi. Ana miaka sita na ana kifafa, dawa alizojaribiwa hazikukizuia, ndio daktari wa neva na mtaalamu wa lishe wakamuanzishia chakula cha ketojeniki, yaani cha mafuta mengi sana na wanga kidogo sana, wakampima damu kwanza maana kuna watoto wenye maradhi ambayo miili yao haiwezi kuchoma mafuta na hao chakula hiki kinaweza kuwadhuru vibaya. Nasema mapema kwa mama yeyote anayesoma hapa, usimuanzishie mwanao peke yako nyumbani na wala usimsimamishie dawa zake. Wangu bado anameza vidonge. Vidonge, si siropu, kwa sababu siropu nyingi zina sukari na sukari hiyo inahesabiwa.

Saa 12 asubuhi

Chai yake ya asubuhi ni mayai ya kuvuruga na siagi na krimu, yote nimepima kwenye mizani inayosoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu. Uwiano wake ni 4 kwa 1, yaani kila gramu 4 za mafuta zinaambatana na gramu 1 tu ya protini na wanga vikijumlishwa pamoja, kwa hivyo kama asilimia 90 ya nguvu anazopata zinatoka kwenye mafuta. Hii ndio sababu akimaliza kula nampa kile kimwiko cha mpira akombe sahani mpaka ing'ae, siagi ikibaki kwenye sahani uwiano umeshaharibika. Anajua mwenyewe, wala simkumbushi.

Saa 2 asubuhi

Keshapanda tuktuk ya shule na mimi ndio kazi inaanza. Naoka keki za oda nyumbani, harusi, besidei, akika, leo nina keki ya vanila ya ghorofa mbili inatakiwa saa 8. Lakini kabla sijafungua unga wa ngano wala sukari ya unga, naoka vyake kwanza meza ikiwa safi, sukari ya unga inaruka kila mahali na sitaki hata chembe iingie kwake. Ana bakuli zake, vijiko vyake na mchapo wake wa kupigia mayai, vinakaa kabati la juu.

Kikeki chake cha leo: makadamia (aina ya njugu) niliyosaga gramu 15, yai lililopigwa gramu 25, siagi iliyoyeyushwa gramu 10, iliki kidogo ya kunusia na tone la stevia ya maji, kitamu kisicho na sukari. Ukipiga hesabu inakuja mafuta gramu 22 hivi na protini na wanga kama gramu 5 na nusu, ndio hiyo 4 kwa 1. Ni hesabu yake yeye, mwanao atakuwa na yake. Bekingi pauda siweki, nyingi zimechanganywa na wanga wa mahindi, napiga yai mpaka lifure basi linatosha kukiinua. Na sichanganyi kwa pamoja halafu nikagawa, kila kikombe cha silikoni nakipimia peke yake juu ya mizani, maana ukigawa kwa macho mmoja utapata siagi nyingi na mwingine yai jingi. Kwenye oveni utaona siagi inachemka pembeni ya kikeki vipovu vidogo vidogo vya dhahabu, usishtuke ukaimwaga, ukikiacha kipoe ndani ya kikombe chake kinaifyonza yote irudi ndani na juu kinakuwa na kaganda kakavu kama mkate wa mayai.

Stevia nayo soma kibandiko. Ile ya unga nyingi imejazwa maltodekstrini, ambayo ni wanga mtupu, wameandika "haina sukari" mbele kwa herufi kubwa na ni kweli haina sukari lakini kwa mtoto huyu ni yale yale.

Saa 4

Marikiti, haraka haraka. Iliki, mayai trei mbili, parachichi. Watu huniuliza kwa nini nisitumie korosho, tunazo hapo Kilifi tu na makadamia mpaka zishuke kutoka Murang'a na Embu na bei yake si mchezo. Ni wanga jamani. Gramu 100 za korosho zina wanga kama gramu 27, makadamia 5 tu, na mafuta ya makadamia yanapita gramu 75. Bei nimeikubali, nanunua zilizovunjika maana nasaga tu.

Saa 8 mchana

Keki ya vanila imeondoka, mteja kafurahi. Mamangu kaja, kakaa kwenye mbuzi anakuna nazi ya mchuzi wa jioni na kama kawaida ananiambia, mwanangu, si umpikie mtoto kwa tui, nazi si ina mafuta tele. Mama, nazi ina mafuta ndio, lakini tui hili unalolikamua wewe kwa kifumbu leo zito kesho jepesi, nazi hii imekomaa ile changa, siwezi kujua gramu ngapi za mafuta zimo. Nyama ya nazi yenyewe napima na namtilia, tui natumia la pakiti lenye kibandiko. Huwa linamuuma kidogo kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kupika, na naelewa. Jambo moja namshukuru sana, tangu mwanzo watu waliposema mtoto ana jini apelekwe kwa mganga yeye ndiye aliyesimama mlangoni akasema huyu anapelekwa hospitali.

Kuna jamaa zetu pia wanaodhani mlo huu ni mtindo wa watu wa kupunguza unene. Sivyo. Daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic kule Marekani aliupendekeza kwa ajili ya kifafa mwaka 1921, dawa zilipozidi kupatikana ukasahaulika kiasi, na mwaka 2008 madaktari wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, wakachapisha utafiti wa watoto 145: kati ya walioupata, asilimia 38 degedege zao zilipungua kwa zaidi ya nusu, na kwa waliokuwa bado wanasubiri ni asilimia 6 tu. Si wote wanaosaidika. Wangu amesaidika.

Saa 10 alasiri

Chuoni, yaani madrasa. Wakitoka watoto wote wanakimbilia mabuyu, midomo na vidole vyekundu, na hapa ndipo mimi naoka kwa ajili yake hasa. Kushiba angeshiba kwa yai na parachichi. Nataka wenzake wakifungua vikaratasi vyao na yeye awe na kitu mkononi cha kufungua. Leo kakaa kwenye baraza na wenzake wawili, kafungua kikopo chake, mmoja kamwambia nimegee, kamjibu "hiki changu cha hesabu, kesho mwambie mama akufanyie chako", akakila taratibu akakomba na kikombe. Mwalimu wake anajua kila kitu, nimemwandikia karatasi nini hawezi kupewa na akianguka afanye nini, namshukuru sana yule mwalimu.

Saa 1 usiku

Samaki kipande kidogo sana, mchicha, na mafuta ya zeituni mengi. Maji mengi pia kwa ajili ya mafigo, maana chakula hiki kinaweza kuleta vijiwe, na vitamini na kalsiamu zake ambazo bila hizo haendi.

Saa 3 usiku

Naandika kwenye daftari: ketoni, uzito, amekula nini, ameanguka au hajaanguka. Leo hajaanguka. Halafu nampigia hesabu kaimati, makadamia na yai na nazi iliyokunwa, za kukaangwa kwenye samli, ila sijui zitafyonza samli kiasi gani wakati wa kukaanga na hapo ndipo hesabu inapogoma. Kesho namtumia mtaalamu wa lishe anisaidie, nadhani ataniambia nizioke kisha samli nimpimie juu. Nataka zake ziwe tayari kabla ya Ramadhani, futari ikiandaliwa na yeye awe na sahani yake ya kaimati.