Nyika ni huku tunakoishi

Jana usiku umeme ulikatika huku Tabata, feni ikasimama, nikahamia sakafuni kwenye vigae. Nikampigia mama Lushoto. Alikuwa jikoni anaota moto, kavaa sweta.

"Si nilikwambia usihamie nyika?" Akacheka mpaka akakohoa.

Kwa mama, Dar es Salaam yote ni nyika. Masaki nyika, Posta nyika, hata baharini kwenye upepo ni nyika. Kwetu Usambara nchi ni mbili tu: Shambaai, kule juu kwenye migomba na ukungu, na nyika, huko chini kwenye jua na homa. Wazee walishuka wakiwa na shida yao, wakaimaliza, wakapanda upesi kabla homa haijawawahi. Utotoni niliona ni ushamba. Siku hizi nikiifikiria historia ya kwetu, naikuta imekaa palepale, kwenye huo mpaka.

Bibi, Mungu amrehemu, akisimulia historia hiyo alikuwa akianza na Mbegha, mwindaji aliyekuja kuwa mfalme wetu. Alizaliwa Nguu, akaota meno ya juu kwanza, yaani kigego, mtoto wa mkosi, na ndugu zake wakamnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake, anawinda huku anahama, hadi akaipanda milima yetu. Wasambaa walikuwa wamechoshwa na nguruwe mwitu mashambani. Yeye akawaua, nyama akagawa, wenyeji wakamlisha vya shambani, mwishowe wakampa na nchi. Aliua na simba, ndiyo maana mfalme akaitwa Simba Mwene, na kizazi chake, Wakilindi, wakatawala kutoka Vuga. Bibi akifika kwa nguruwe alikuwa anakoroma kama wao, sisi tunajificha chini ya kanga yake.

Wajerumani nao waliupenda ubaridi. Lushoto wakaiita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa jina la Kaisari wao. Reli yao kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, kisha ikaendelea zake kuelekea Moshi. Mlimani haikupanda. Ndiyo maana hata leo mlango wetu ni Mombo. Unatoka stendi ya Magufuli alfajiri, unapita Chalinze, Segera, Korogwe, njia nzima madirisha wazi. Mombo basi linaiacha barabara kuu, zinaanza kona, kilomita 33. Masikio yanaziba, breki zinanuka, na bila mtu kuambiwa, madirisha yanafungwa moja moja. Kwa mama hapo umeshafika, hata kama Soni hujaiona wala hujanyanyuliwa ndoo ya mapeasi dirishani.

Habari ambayo bibi hakuisimulia kwa mbwembwe ni ya matuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walileta mpango wa kuzuia mmomonyoko, wakaanzia bonde la Mlalo mwaka 1946. Watu walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko, asiyechimba anashtakiwa. Kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, na wengi waliogopa kwamba shamba likishatengenezwa vizuri, mzungu atalichukua. Kisambaa kina maneno mawili ya kumpimia mtawala: kuzifya shi, kuiponya nchi ipate mvua na chakula, na kubana shi, kuiharibu. Machifu waliosimamia matuta, bibi aliwaweka kwenye hilo la pili, na hakuwahi kuwatoa. Mwaka 1957 mpango ukaachwa.

Sasa mjomba anachimba matuta kwa hiari yake, mazuri kweli, kabichi zimejipanga kama wanafunzi mstarini. Ukimuuliza nani kamlazimisha, anakukabidhi jembe.

Kabla hatujaagana mama aliuliza kama mvua imenyesha huku. Nikamwambia bado. Akasema kesho atampa kondakta mzigo wangu: mapeasi, viazi, na lile sweta nililoliacha mwaka jana.

"Sweta la nini mama, na huku ni nyika?"

"La kupandia."